Tajiri wa Avenyu ya Mawe

Nyuma ya nyumba ya Mukamugema kulikuwa na shimo, na chini ya shimo kulikuwa na udongo. Mutu wa mbali atacheka: udongo nao ni kitu cha kutaja? Aje Goma, apige jembe katika parseli zetu, viwanja vya nyumba, aone jembe litakavyorudi limekunja uso.

Mwaka 2002, mulima ulipotapika, moto ulipita kwa Mukamugema. Ulikula nyumba, ukala mabati, ukala choo, kisha ukapoa, ukawa mwamba mweusi wenye kimo cha mutu. Watu waliporudi kutoka Gisenyi walikokimbilia, walisimamisha nyumba za mbao juu ya mwamba, wakasema yaliyofunikwa yamefunikwa. Mukamugema naye alisimamisha yake. Lakini nyuma ya nyumba akashika nyundo.

Kila siku alivunja jiwe, akalifanya kokoto, akauza ndoo kwa ndoo kwa watu wa kujenga, kesho akavunja tena. Mume wake, Twagirimana, alimuuliza siku moja:

"Mama, huko chini unamutafuta nani?"

"Natafuta shamba langu. Sikuliuza. Lilifunikwa tu."

Twagirimana alikufa mwaka wa tisa wa nyundo, hajaona kitu. Mwaka wa kumi na moja nyundo ilishuka bila kulia. Mukamugema aliingiza vidole, akakuta udongo uliochomwa, mwekundu kama tofali, na chini yake ule wenyewe, mweusi, wa baridi. Hakupiga kelele. Aliendelea kupanua. Shimo likafika upana wa vitanda vinne, na ndani yake maharagi, mboga za lengalenga, na mugomba mumoja uliotoa majani juu ya mwamba kama mutu anayechungulia kwa jirani. Katika avenyu nzima hakukuwa na udongo mwingine.

Jambo la pili watu walilolijua juu yake ni mukono wake usiogusa cha mutu. Mwaka 2021, mulima ulipotapika tena na ardhi ikatetemeka siku baada ya siku, watu wakaambiwa watoke. Walienda Sake na magodoro kichwani. Yeye alikataa. "Mulima ulikwisha kunikuta mara moja," alisema. "Ukinitaka tena, nyumba unaijua." Basi wakamuachia funguo, funguo kumi na moja kwenye kamba moja. Waliporudi, hakuna kijiko kilichopotea. Toka hapo hata watu wenye mvi walimuita Koko, yaani bibi, na neno lao likawa moja: ukitaka kitu kilale salama, kilaze kwa Koko.

Ndiyo maana wageni walipokuja, mambo yote yalimuangukia yeye.

Wageni hao hawakutoka Kinshasa wala Ulaya. Walitoka kule juu kwenye nyota, wakasimamisha vyombo vyao juu ya ziwa, kimya kama mawingu ya asubuhi. Walikuwa warefu kama mulango, hawana uso wa kuonyesha, wanatembea wawili wawili. Walisema kazi yao ni moja: mutu asishibe tena huku anatazama mwenye njaa. Na walianza na wakubwa, si kama wengine wanaoanza na maskini. Nyumba za kando ya ziwa, zile zenye vyupa vilivyovunjika juu ya kuta, zilifunguliwa, na familia za wakimbizi wa kambini zikalala ndani. Watu walipiga vigelegele barabarani. Mukamugema alipoambiwa alisema, "Vizuri," na kwake hiyo ilikuwa hotuba ndefu.

Kisha wakatangaza kwamba watapita avenyu moja moja, wasawazishe hata jirani na jirani. Hapo watu wakafanya kosa. Sisi Goma tumezoea ONG, mashirika ya misaada. ONG ikija kuandika, mutu mwenye akili anavua viatu, anaficha televizyo, anaazima watoto kwa dada yake, anasimama mulangoni na uso wa malaria, ili apewe jeto, kile kikaratasi cha kupokelea msaada. Avenyu nzima ikasema kwa moyo mumoja: hii nayo ni ONG, tofauti ni urefu tu.

Kasereka, muuza sementi, alikuwa wa kwanza. Alikuja na jenereta juu ya chukudu, baiskeli ya mbao ya kusukuma, imefunikwa pagne ya kitenge.

"Koko, nichungie hii siku mbili tu."

"Sababu gani?"

"Wageni wakiiona watasema mimi ni tajiri."

"Na wewe si tajiri?"

"Wa nini, Koko? Sementi ni vumbi tu!" Akacheka. "Kwako hawatatafuta. Kwako kuna mawe."

Neno hilo lilimuchoma kidogo. Lakini hajawahi kukataa kuchunga kitu cha mutu. Akafungua mulango.

Baada yake alikuja Charline, muuza pagne, na valizi mbili nzito za nguo na frigo ndogo ya kupozea vinywaji. Akafuata Papa Télesphore, shefu wa avenyu mwenyewe, amekumbatia televizyo pana kama meza. "Mama, hata shefu ni mutu," alisema. Hadi Ijumaa nyumba tisa zilikuwa zimepita, kila moja kwa siri, kila moja ikifikiri iko peke yake. Mukamugema alitembea ubavu ubavu katika nyumba yake mwenyewe, na kitanda alikigawana na mashini ya kushona.

Wageni walifika Jumamosi, saa nne asubuhi, wawili, Télesphore akiwaongoza. Hawakuandika. Hilo liliwatisha watu kuliko urefu wao, maana ONG gani haina kalamu? Waliweka mukono juu ya jenereta, wakahama. Mukono juu ya frigo, wakahama. Walipofika shimoni wakaweka mukono juu ya udongo, wakakaa hadi kivuli cha mugomba kikasogea.

Mumoja akasema, Kiswahili cha redio kabisa: "Mama, sisi hupima kile kilichomo ndani ya ukuta. Nyumba yako imezidi zote. Wewe ndiwe tajiri wa mtaa huu."

Mukamugema alicheka cheko moja, kavu. Nje ya ua hakuna aliyecheka.

"Nyumba iliyozidi hutoa ardhi kwanza, kwa sababu ardhi huzaa," mugeni akaendelea. "Udongo huu utagawanywa kwa nyumba zote kumi na saba. Ukishatoka, kipimo kitakuwa sawa, na vitu hivi vingine utabaki navyo. Lakini tuambie kwanza: vyote ni vyako? Kama vipo vya wengine, wataje, na udongo wako hautaguswa. Waliotajwa watakosa mgao wa chakula na wa mabati, kwa sababu walificha."

Mukamugema alimuangalia Télesphore. Télesphore alikuwa anasoma viatu vyake. Akaangalia ua wa mbao: kila ufa ulikuwa na jicho. La Charline alilijua kwa wanja wake. Akangoja. Alijiambia, mutu akohoe tu. Akikohoa tu, nitajua ameingia pamoja nami katika neno hili.

Hakuna aliyekohoa.

Aliufikiria udongo. Miaka zaidi ya ishirini ya nyundo. Vidole viwili visivyokunjika tena. Twagirimana aliyekufa bila kuuona. Kutaja majina tisa kulikuwa kazi ya pumzi moja. Lakini katika maisha yake wenye nguvu wengi walikuwa wamesimama mulangoni pake wakiuliza majina. Wengine walikuja na bunduki, wengine na kalamu, wengine na maneno matamu ya amani, na wote walisema ni kwa faida ya watu. Mutu akitoa jina la jirani, hajui litapelekwa wapi. Pengine hawa wa juu walikuwa wema kweli. Pengine. Mudomo wake haukuwa umejifunza tofauti yao.

"Ni vyangu," akasema.

"Vyote?"

"Kwani nilisema kwa sauti ndogo?"

Basi wakachukua. Hawakutumia koleo wala beseni. Udongo uliinuka wenyewe kama mvuke wa sufuria, ukapita juu ya mabati ya watu, ukashuka mbele ya milango kumi na saba, kiasi cha mabeseni saba kwa kila nyumba, ya Mukamugema pia. Chini ya shimo kukabaki mwamba mutupu, na mugomba umelala mizizi nje.

Jumapili baada ya misa Télesphore alikuja, kofia mukononi.

"Mama, Mungu akubariki. Ulituokoa. Sasa naomba nichukue ile televizyo."

"Televizyo gani?"

"Si ile yangu?"

"Yako? Jana ulikuwa umesimama hapo. Nilisema nini?"

"Mama, wewe mwenyewe unajua..."

"Ninajua nilisema ni vyangu. Papa Télesphore, miaka sabini na mbili sijaitwa muongo. Unataka nianze leo kwa sababu ya mipira unayoangalia kwenye televizyo?"

Habari ikaruka avenyu nzima. Kasereka akaja, mishipa ya shingo imesimama, akapiga kelele barabarani: "Huyu mukecuru, bibi muzee hivi, ni mwizi! Amekula jenereta yangu!"

"Sema kwa nguvu zaidi," Mukamugema alimujibu akiwa mulangoni. "Wageni bado wako avenyu ya pili. Waambie jenereta yako ilifikaje kwangu."

Kasereka akageuka kuangalia upande wa avenyu ya pili. Ndipo Mukamugema akatoa bei yake, na hakuirudia mara mbili. Anayetaka kitu alete mabeseni yake saba ya udongo. Alete kichwani. Alete muchana, apite barabara, aingie kwa mulango wa mbele. "Usiku nalala," alisema.

Kila mutu alielewa bei hiyo. Udongo wenyewe haukuwa muzito sana. Lakini atakayeonekana na beseni kichwani anaelekea kwa Koko, avenyu nzima itajua alikuwa mumoja wa wale tisa, na kwamba jicho lake lilikuwa kwenye ufa siku ile.

Siku tatu barabara ilikaa tupu. Mukamugema alirudi kwa nyundo yake kama kawaida. Asiseme mutu kwamba hakulia. Alilia, lakini alikuwa chini ya shimo.

Siku ya nne, saa ya watu kwenda sokoni, Charline alitokea. Alikuwa amevaa pagne yake ya sikukuu, beseni kichwani, anapita katikati ya barabara. Muendesha pikipiki mumoja wa jirani akamutania: "Dada Charline, umehamia shambani?"

"Ninarudisha cha wenyewe. Na wewe Jumamosi ulikuwa unachungulia wapi?"

Kijana yule akawasha pikipiki yake akaenda.

Alipita mara saba. Mara ya saba jasho lilikuwa limeharibu wanja. Mukamugema alishika beseni upande wa pili, wakamimina pamoja.

"Nilitaka kukohoa, Koko," Charline akasema, macho chini.

"Najua. Nilikuwa nasikiliza."

Akamutolea valizi zake mbili na frigo, akamusaidia kufika hadi barabarani.

Baada ya mumoja, njia inafunguka. Wengine walikuja siku ile ile, wengine kesho yake. Télesphore alileta udongo wake wote mara moja juu ya chukudu, amevaa miwani ya jua.

"Kichwani," Mukamugema alimuambia.

"Mama, mimi shefu!"

"Shefu hana kichwa?"

Akarudi, akabeba kichwani mara saba, na watoto wakihesabu kwa sauti kando ya barabara. Siku ile alicheka mwenyewe mwishoni, na watu wanasema alikuwa shefu mwema zaidi baadaye, ingawa si kwa muda murefu.

Mugeni mumoja wa juu alipita tena, akasimama juu ya shimo.

"Ulijua wenyewe wa vitu vile. Kwa nini hukutaja?"

"Nyinyi munakaa hapa hadi lini?"

"Hadi kazi iishe."

"Basi nyinyi mutaenda. Mimi ninabaki na hawa."

Mugeni alinyoosha mukono hewani, kama mutu anayepima kitu kisichoshikika. Kisha akaenda, na udongo hakuugusa.

Nyumba saba hazikuwa zimeficha kitu. Udongo wao ulikuwa haki yao, na Mukamugema hakuwadai hata kikombe. Siku moja akipita kwa Umwiza, mujane wa mwisho wa barabara, aliona lengalenga imeota katika sufuria nzee, na katoto kamechuchumaa kanaangalia jani kama mutu anayengoja gari. Mutoto huyo alikuwa amezaliwa juu ya jiwe. Jani lenye kutoka udongoni hakuwa ameliona. Mukamugema alisimama pale kidogo. Hilo wageni walifanya vizuri. Alilikubali moyoni, na hakumuambia mutu.

Shamba lake leo ni la vitanda viwili na kitu. Mugomba ulikataa kufa. Kona moja bado ni mwamba, kwa sababu ya Kasereka. Mutu mukubwa wa sementi kupita na beseni kichwani? Bora alale gizani, na kweli analala gizani, akisikia jenereta za wenzake. Udongo wake uko mbele ya mulango wake, kuku wanaoga ndani.

Jenereta iko kando ya shimo. Mukamugema hajui kuiwasha, na hajauliza. Anaikalia akivunja mawe. Ina kimo kizuri. Wiki iliyopita Kasereka alipunguza mwendo alipopita hapo.

"Koko, bado unaikalia?"

"Inangoja mabeseni saba." Akapiga jiwe. "Kama ni sita, nitafikiri."

Kasereka akacheka bila kupenda. Alifika kwake, akawafukuza kuku, akasimama akiangalia ule udongo, kisha akaangalia barabara, iliyojaa watu saa ile. Akaingia ndani. Lakini beseni, jirani mumoja aliona, ilikuwa imetolewa nje na kuegemezwa ukutani.