Bango la Watu Watupu

Wacha niseme mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine, maana habari hii ilitoka hapa Kapsoit ikafika Chepilat kabla hata sijatoa sare yangu majini, na kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake. Ni kweli. Mimi Mama Chebet, katibu wa akina mama kanisani, niliandika bango la kuwaalika watu waje kwa Mungu bila nguo.

Tulikuwa tunapanga Jumapili ya Furaha, na wazo lilikuwa langu. Nilikuwa nimesoma katika Biblia pale panaposema mbinguni kuna furaha kubwa mwenye dhambi mmoja akitubu, nikapapenda sana, nikasema hili ndilo neno letu, tuliandike kubwa watu walione wakipita barabarani. Lakini nikiwa mkweli, sikuwa namfikiria mwenye dhambi yeyote ila mmoja tu, na huyo tunalala naye nyumba moja. Baba Chebet alikuwa hajakanyaga kanisani miaka mitatu, tangu mashine za kuchuma chai zilipoletwa kule shambani alikokuwa ameajiriwa na yeye na wenzake wakaambiwa waende nyumbani. Kila Jumapili namwambia, baba, tubu twende, naye anasema hapana, anachukua ndoo, anaenda kwa ng'ombe wake. Wiki hiyo nilipomwambia habari ya mgeni atakayehubiri alisema, "Nitaona." Kwa mume wangu nitaona ni neno kubwa, nilikaribia kupiga vigelegele jikoni.

Kosa lilianzia kwenye kituo cha kupimia majani. Ilikuwa Ijumaa, foleni ndefu, mikono yangu imejaa utomvu wa chai mpaka vidole vinashikana, na fundi wa mabango alikuwa anangoja maneno. Ningeenda kwake na karatasi, ni mwendo wa dakika kumi tu. Au ningeosha mikono nitume meseji. Mimi nikaona nipige simu, nikaibana kati ya sikio na bega kama karani wa ofisi kubwa, nikamwambia aandike, Mungu anataka watu watubu, karibuni. Naapa hivyo ndivyo nilivyosema. (Yaani hivyo ndivyo nilivyodhani nimesema. Sisi Wakipsigis herufi ya b na ya p tumezilea pamoja, hatujui ipi ni kubwa, na tukiwa wenyewe kwa wenyewe hakuna anayepotea. Lakini fundi Otieno ni Mjaluo, na masikio yake yanasikia kile mdomo umetoa, si kile moyo umekusudia.)

Akauliza, "Watupu, mama?"

"Ehe, hivyo hivyo."

"Wote?"

"Wote. Wanaume, wanawake, hata wazee."

"Sawa, mteja ni mfalme. Lakini picha sitaweka."

Nikamwona mvivu, nikakata simu.

Mwalimu Koskei, mstaafu na mwenyekiti wa kamati yetu, alisema tuliangalie bango kabla halijatundikwa. Nikamjibu, tena mbele ya watu, "Mwalimu, hata mimi nilienda shule." Basi likakaa limekunjwa mpaka Jumapili alfajiri, vijana wakaenda wakalifunga kwenye ua kando ya barabara, na kwa jinsi ninavyowajua, hakuna aliyelisoma.

Nilifika saa tatu nikiwa na pasta mgeni kutoka Sigor, nikiwa nimepiga sare yangu nyeupe pasi mpaka inasimama. Nikaona watu wa bodaboda wameegesha pikipiki wanapiga picha, nikajisifu moyoni kwamba kumbe neno limewagusa. Mmoja akanisalimia kwa heshima zote, "Chamgei, mama. Sasa sisi tunavua hapa nje ama kuna room ndani?"

Ndipo nikainua macho. MUNGU ANATAKA WATU, mstari wa kwanza. WATUPU. KARIBUNI, mstari wa pili. Sikuwaza kanisa, sikuwaza pasta, nilimwaza Baba Chebet tu, kwamba akipita hapa aone mkewe ndiye kichekesho cha barabara, hiyo nitaona yake itageuka sitakaa nione, na mimi nitangoja miaka mingine mitatu.

Kwa hivyo nikachukua kiti cha plastiki, nikafungua leso yangu kiunoni, nikapanda niifunike ile aibu. (Mtu mwenye akili angefungua kamba za bango. Akili siku hiyo sikuwa nayo.) Upepo ukaipeperusha leso ikafunika mstari wa kwanza peke yake, yakabaki yale mawili, WATUPU, KARIBUNI, na nilipojinyoosha kuishusha mguu wa kiti ukazama kwenye udongo wa mvua, nikaanguka matakoni na leso mkononi, pwaa, na sare nyeupe yote.

Pasta alikuja kuniinua. Mwalimu Koskei naye akanipa mkono, akasema polepole, "Katibu, hata mimi nilienda shule." Nilistahili.

Nikajificha benchi la nyuma nikilia. Nikamwona pasta anafunga karatasi zake za mahubiri, anaziweka kando. Akafungua Biblia akatusomea habari ya yule mjane aliyeambiwa na nabii aazime vyombo kwa majirani, vyombo vitupu, tena visiwe vichache. "Mafuta yalikoma lini?" akauliza. "Vyombo vitupu vilipokwisha. Kile kilichojaa tayari, Mungu atakitilia wapi?"

Hapo nikahisi mtu anakaa kando yangu, ananuka maziwa. Baba Chebet, na gambuti zake za zizini miguuni. Hakunitazama. Alikuwa anamsikiliza pasta huku mikono ameiweka wazi magotini, na furaha iliyonishika sijui niieleze vipi, nilikuwa na matope mpaka shingoni na bado niliona hakuna mwanamke aliyebarikiwa kunishinda.

Tukirudi nyumbani nilianza kumwomba msamaha kwa aibu niliyomletea. Akacheka kidogo.

"Miaka mitatu unaniambia nitupu," akasema (yeye ulimi wake ni kama wangu, hata dhambi kwake ni tampi), "na mimi najiuliza, nitupu nini? Kufutwa kazi ni tampi? Nikaona kanisa ni ya watu wako na kitu. Leo nimesoma pale parapara, Mungu anataka watu watupu. Nikasema, hii sasa ni mimi."

Aibu ya matope ilikuwa ndogo kando ya hiyo ya kumfanya adhani kufutwa kazi ni dhambi.

Siku hizi asubuhi, kabla ya kukamua, yeye anasoma mlango mmoja wa Biblia kwa sauti na mimi nasikiliza chai ikichemka, na kuna siku tunacheka. Nimeapa sitaagiza tena bango kwa simu, hata mikono ikiwa na utomvu wa shamba zima. Na lile neno tubu sijalitupa, ila nalitamka polepole nikiwa peke yangu, kwa sababu nimegundua miaka yote mitatu nilikuwa namwagizia mtu mwingine.