Mapunye Siku ya Harusi ya Shangazi

Juzi, kwenye zahanati moja huku Ipagala, nilimwona mtoto mwenye mapunye akikwanguliwa magamba ya kichwa yakapimwe, nikakumbuka mchana wa harusi ya shangazi yangu kule Kondoa.

Bibi alinifungia chumbani nisiwaambukize watoto wa wageni. Kichwa changu kilikuwa kimenyolewa na kupakwa kitunguu saumu, kikiwasha na kunuka. Nje matari yalilia na pilau ilinukia. Nilikuwa nimemsikia nesi akimwambia mama kwamba fangasi ni jamaa ya uyoga, basi nikawa najipapasa utosini, nikingoja uyoga uchipue.

Mlango ulipofunguliwa, aliingia shangazi mwenyewe, mikono imekolea hina.

“Shikamoo, shangazi. Usinisogelee, nitachipua uyoga!”

“Marahaba. Nani kakudanganya? Huu ni ugonjwa wa ngozi tu.”

Akanipa kidonge cha siku ile, katika vile alivyotoa nesi, na kikombe cha maziwa. Leo najua vidonge vile vya kila siku ndivyo vilivyoniponya, wala si kitunguu. Lakini siku ile nilimwangalia yeye tu, alivyovua mtandio wake wa harusi, akanifunga kilemba, akanishika mkono tukatoka pamoja mbele ya wageni wote.