Zamu ya Mjomba

Baa yenyewe ilikuwa ya Mgoa mmoja, huko Shangani, chumba kirefu chenye sakafu nyekundu ya saruji na meza sita zilizopasuka pembeni. Sisi vijana wa Kiislamu tuliokuwa tukienda pale tuliiita klabu. Majumbani kwetu pia tulisema klabu, na wazazi wakajifanya wanaamini. Wengi wetu tulikunywa soda. Walikuwapo waliokunywa kitu kingine katika vikombe vya chai, tena wakikipuliza kabla ya kupiga funda eti ni cha moto, lakini hayo ni yao na Mola wao. Mimi nina yangu ya kueleza, wala hayakuwamo kikombeni.

Kila Jumamosi baada ya sala ya Alasiri niliendesha pale baraza ya muziki. Ilikuwa miaka ya hamsini, nami ni karani wa miaka ishirini na kitu, suruali imepigwa pasi ikanyooka kama rula, udi wangu wa nyuzi nimeufunga kwa kitambaa cha hariri. Sharti la baraza lilikuwa jepesi: aliyekuja na chombo chake, au na sauti yake tu, ana zamu. Hatukuuliza kabila wala kazi. Nilitundika kibao cha shule msumarini kando ya kaunta, na kila aliyeingia nilimwandika kwa chaki, wa mwanzo juu, wa mwisho chini. Alikuwapo fundi cherehani wa Kingazija aliyepiga akodiani huku amefumba macho. Walikuwapo wapiga fidla wawili wasiosemezana. Mgoa mwenyewe alipiga tarumbeta, vibaya sana, na kwa kuwa baa ni yake tulimpigia makofi.

Sharti la pili tulilipata kwa wazee wa mtaa. Msikiti ulikuwa karibu mno na mlango wetu, na wazee walikuja kunisema. Nikawaahidi kwamba adhana ya Magharibi haitakuta hata uzi mmoja unalia. Mwadhini akianza, sisi kimya, na baada ya hapo hakuna kupiga tena mpaka Jumamosi nyingine. Ahadi hiyo niliishika barabara. Wazee walinisifu kwa ajili yake, na mimi nilipenda kusifiwa kuliko nilivyopenda kula.

Kupenda sifa huko ndiko kulikonifanya niseme uwongo wangu wa mwanzo. Watu waliponiuliza nani kanifundisha kupiga, niliwaambia ni Mmisri mmoja, baharia, aliyekaa kwetu miezi sita. Mmisri huyo hakuwapo. Aliyenifundisha ni mjomba wangu, kaka yake mama, mchoma chokaa wa Bwejuu. Baba alipofariki nililelewa kwake miaka minne, na jioni, akishamaliza kupanga mawe na magogo ya tanuri, alikaa kizingitini akanishika vidole kimoja kimoja juu ya gambusi lake. Gambusi ni kinanda kidogo cha gogo moja lililochongwa na kuwambwa ngozi ya mbuzi. Mjini wakati huo kilikwisha kuonekana chombo cha kizamani, cha watu wa shamba. Nilipopata kazi nikanunua udi, nikauhamishia kwenye udi huo wimbo mmoja wa mjomba, alioutunga mwenyewe, usio na maneno. Ndio uliokuwa wimbo wangu bora. Nao pia niliwaambia watu kuwa ni wa Mmisri.

Na bado nilimwalika. Huo ndio ujinga wa mtu mwenye majivuno, huutafuta moto kwa mikono yake. Sikukuu ya Idi nilikwenda Bwejuu kuwaamkia, nikakaa barazani nikijisifu mbele ya wanakijiji jinsi ninavyoendesha muziki mjini, na mabwana wazima wananingojea mimi niwape zamu. Mjomba alifurahi mpaka akashika magoti. Nikamwambia, "Njoo, mjomba. Siku utakayokuja, zamu ya mwanzo yako."

Nilisema tu. Yeye aliweka moyoni.

Alikuja Jumamosi ambayo nisingependa aje. Wiki hiyo nilikuwa nimepata ahadi kwamba kiongozi wa klabu kubwa ya taarabu ya mjini, tuliyemwita Maalim, atapita kutusikiliza. Klabu yao ilihitaji mpiga udi. Sikulala vizuri wiki nzima. Nilifika mapema siku hiyo, nikapanga viti, nikafuta kibao, na mtu wa mwanzo kupiga hodi mlangoni alikuwa mjomba.

Alikuwa na kanzu iliyofuliwa ikatakata, kofia ya viua, na gambusi lake ndani ya kipande cha gunia. Alitoa salamu, akainama, akavua makubadhi yake akayapanga mlangoni, akaingia baa bila viatu. Visigino vyake vilikuwa vimepasuka kwa chokaa, vyeupe, na ile sakafu nyekundu ikavionesha vizuri.

"Mzee!" mpiga fidla mmoja alipaza sauti. "Hapa si msikitini! Ingia na viatu vyako!"

Watu wakacheka. Mjomba naye akacheka.

"Nyumba ya mtu ni nyumba ya mtu," akasema.

Nami nilicheka. Nilicheka na wale, sikucheka naye, na tofauti ya vicheko hivyo naijua mpaka leo.

"Shikamoo," nikamwambia, na neno mjomba nikalimeza.

"Marahaba. Nshafika, kama ulivyonambia."

Nikamwandika kwenye kibao, mstari wa juu kabisa. Herufi za Kizungu hakuzijua, yeye alisoma za Kiarabu, basi akaniuliza yeye ni yupi. Nikamwonesha kwa kidole. Akautazama mstari ule kwa muda, kisha akaenda kukaa kwenye benchi la karibu na kaunta, gambusi mapajani. Mgoa alimpelekea glasi ya maji. Alimshukuru kama kaletewa pilau.

Maalim aliingia baada ya robo saa. Hapo ndipo akili yangu ilipofanya hesabu yake chafu. Mjomba akipiga, atapiga wimbo wake. Nikipiga mimi, sina mwingine wa kumpendeza Maalim ila ule ule. Watu hawa wana masikio, watajua mara moja ni wimbo mmoja, watauliza umetoka wapi, na mjomba, ambaye hajui kusema uwongo, atawaambia. Mmisri wangu angefia pale pale mbele ya kaunta.

Nikaenda kwenye kibao, nikafuta mstari wa juu kwa kiganja. Nikaandika jina langu. La mjomba nikaliandika chini kabisa. Nilipogeuka alikuwa ananitazama. Kusoma hakujua, lakini mstari wa juu aliujua.

Maalim akaniita, akaniuliza kwa sauti ya kawaida, "Yule mzee mwenye gambusi ni nani?"

"Mchoma chokaa wa shamba," nikasema. "Hutuletea chokaa nyumbani."

Kila neno lilikuwa kweli. Nyumba yetu ilipakwa chokaa yake kila mwaka, na hakupata kukubali malipo. Nimewahi kusema uwongo mwingi maishani, na hakuna hata mmoja unaonichoma kama ukweli ule. Mjomba alikuwa hatua mbili kutoka pale tuliposimama. Aliinamisha uso, akaanza kuipangusa ngozi ya gambusi kwa ncha ya kanzu, pole pole, ingawa haikuwa na vumbi.

Nikapiga. Niseme kweli, sijapata kupiga vizuri kama siku ile, hofu ilininoa vidole. Niliupiga wimbo wa mjomba mbele ya mjomba, na nilipomaliza mtu mmoja akamwambia Maalim, "Huo wa Misri huo." Maalim akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mimi nikainamia udi nikajidai nalegeza uzi. Mjomba alipiga makofi pamoja na wengine. Mikono yake migumu ilitoa mlio kama mbao mbili.

Kisha nikaanza kuwaita watu, fundi cherehani, wapiga fidla mmoja mmoja, na kijana wa Kihindi mwenye tabla aliyeingia amechelewa. Huyo nilimpenyeza juu ya mjomba bila ya kupepesa macho. Alipomaliza, mjomba alinyanyuka akanisogelea.

"Bwana," akasema, "samahani. Zamu yangu bado?"

Bwana. Mtu aliyenifundisha kuoga baharini, aliyenibeba mgongoni nilipokuwa na homa, aliniita bwana mbele za watu, na hakusema kwa kebehi. Aliiona hila yangu, akanisaidia kuibeba. Nilitakiwa nife kwa aibu pale pale. Badala yake moyo wangu ulitulia, nikajua kuwa hatonifichua.

"Bado kidogo, mzee," nikamwambia.

Nilikuwa na saa ya mkono, na jioni ile niliitazama kuliko nilivyomtazama mtu yeyote. Ilipobaki kama dakika kumi nikamwendea Mgoa nikamwomba apige tarumbeta. Akapiga. Akamaliza, nikamwomba arudie. Katika maisha yake yote hakuna mtu aliyepata kumwomba Mgoa arudie, na masikini aliona haya, macho yakamlengalenga machozi, akarudia. Hata furaha yake ile niliiiba kwa mwingine nikampa.

Tarumbeta iliponyamaza nikasimama. "Sasa," nikasema kwa sauti ya ukarimu, "mgeni wetu kutoka shamba."

Mjomba akaja mbele. Akakaa kwenye ncha ya kiti, akalipakata gambusi, akatoa ndani ya kofia risha yake, unyoya wa kupigia nyuzi. Akaanza kusawazisha nyuzi. Gambusi halina haraka, na ngozi hulegea kwa unyevu, kwa hiyo alisawazisha, akasikiliza, akasawazisha tena. Watu wakanyamaza wenyewe. Maalim alisogeza kiti mbele. Mjomba akainua mkono, akaugusa uzi wa juu mara moja tu, akavuta pumzi.

Mwadhini akaanza.

Akaushusha mkono. Risha akairudisha kofiani, akaweka viganja vyote juu ya ngozi ili uzi ule usiendelee kulia, akawa anamwitikia mwadhini midomo ikitikisika. Chumba kizima kilikuwa kimya. Hakuna aliyeona ubaya wowote umetendeka. Nilikuwa nimemfungia mlango mzee wa watu kwa kutumia adhana, na kwa macho ya kila mtu nilikuwa kijana mcha Mungu.

"Mzee hakubahatika," alisema Maalim adhana ilipokwisha.

"Tumeahidi, Maalim," nikajibu.

"Ndiyo adabu," akasema, akanishika bega.

Nikamgeukia mjomba. "Jumamosi ijayo, inshallah."

"Inshallah, bwana."

Wakati wa kutoka, makubadhi yake yalikuwa yamepigwa mateke na wapitao, moja liko mlangoni, jingine halionekani. Alilitafuta kwa kuinama chini ya meza, gambusi kwapani, mimi nimesimama na Maalim tunazungumza habari za mazoezi. Mgoa ndiye aliyelipata nyuma ya kreti za soda, akalipangusa, akampa. Gari ya kurudi Bwejuu ilikwisha kuondoka. Siku zote akija mjini alilala kwetu. Nilipotoka nje kumtafuta nikaambiwa amekwenda msikitini kusali na atalala mtaa wa Ng'ambo, kwa mchoma chokaa mwenziwe. Sikumfuata. Nyumbani sikusema kama alikuja.

Klabu ya Maalim ilinichukua. Nilipiga nao miaka, nikavaa suti, nikapigwa picha. Baraza ya Jumamosi nilimwachia fundi cherehani, na Bwejuu nikaacha kwenda, kila Idi nina udhuru mpya. Mjomba hakuja tena mjini na chombo. Chokaa aliileta kila mwaka kama kawaida, saa ambazo mimi niko kazini.

Alifariki ghafla, kabla ya miaka ya hamsini haijamalizika. Maziko sikuyawahi, nikafika siku ya hitima. Nilitembea kijijini kichwa chini, nikiwa na hakika kuwa kila mtu anajua. Mzee wa kwanza kunipa mkono alinikumbatia.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Ulimtukuza mjomba wako."

Sikuelewa. Akaja wa pili, akasema hivyo hivyo. Nilipoingia ndani kumpa pole mkewe, niliyekuwa nikimwita mama, alinishika mkono akanikalisha mkekani. Gambusi lilikuwa limetundikwa ukutani, juu ya kitanda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaniachia wasia nikupe lile. Alirudi kutoka mjini, hata kiatu hajavua, wenziwe wakamuuliza: umepiga? Akasema, nimepiga. Mpwa wangu kanipa zamu ya mwanzo, kama alivyoniahidi. Kila aliyekuja hapa alimsimulia. Mpaka tukachoka kumsikia."

Alicheka kidogo huku anafuta machozi kwa pindo la kanga. Pale ndipo ilipokuwa nafasi yangu ya kusema. Hakukuwa na Maalim wala kibao wala adhana ya kunificha, ni mimi na mwanamke mmoja mzee mwenye haki ya kujua. Nilifungua mdomo, wallahi niliufungua.

"Lakini yeye hakuwa mtu wa kujisifu," akasema. "Hebu nambie wewe uliyekuwapo. Wale watu wa mjini walimsikiliza?"

Nikalitazama gambusi ukutani, kisha nikamtazama yeye.

"Alipokaa na gambusi lake, mama," nikamwambia, "chumba kizima kilinyamaza."