Grupu ya Watu wa Usiri

Mpaka leo nikisikia mtu akitamka neno "usiri" huku ameshika kalamu, naangalia kwanza mlango uko wapi.

Walikuja kwenye ukumbi wa mtaa wetu wa Kariobangi, mwanamume na mwanamke, kutoka upande ule wa mji ambako maji hayakatiki. Walikuwa wakitafiti hatari zinazowapata vijana wanaotumiana picha za uchi kwa simu. Mwenyekiti wa vijana ndiye aliyetukusanya, sote tumeshapita miaka ishirini, na sharti la kuingia lilikuwa moja: uwe umewahi kutuma. Mimi nilikuwa nimewahi. Nilimtumia mpenzi wangu wa mtaa wa Baba Dogo siku zile nilipomwona wa maana. Tukaachana, naye akabaki nazo. Kila aliposikia nimeonekana na mtu mwingine, alinikumbusha kwamba anakijua kibanda cha mamangu sokoni. Hilo ndilo lililonipeleka ukumbini. Nilidhani watu waliolisomea jambo hili watajua la kufanya.

Yule mwanamume alitusalimu kwa Sheng ya enzi za wajomba zetu, "Niaje mabeshte, mko poa?" akacheka peke yake. Kisha akasoma kwenye karatasi: "Je, mmewahi kujihusisha na utumaji wa jumbe za kimahaba zenye maudhui ya kingono?" Tukatazamana. Dada mmoja ambaye husuka nywele karibu na stendi akamwuliza, "Unamaanisha nudes, ama?" Mtafiti akaona haya, akainamia karatasi yake. Mtu ametoka kwake kuja kutuhoji habari za uchi, na neno lenyewe linamshinda!

Walituahidi kwamba yote yatabaki ndani ya kuta zile nne. Vioo vya ukumbi vilishavunjwa na mpira zamani, na mama wa chai alikuwa ameegemea dirisha akisikiliza bila kujificha. Tulikatazwa kutaja majina. Mimi nikaitwa Mshiriki wa Nne, nikajiona kama nimepewa cheo, nikamwaga yote: picha, vitisho, kibanda cha mama. Yule mwanamke akatikisa kichwa kwa huruma ya kufundishwa, kisha akaniuliza nilijihisi vipi, kwa kipimo cha moja hadi kumi. Nikasema saba. Sijui hata hiyo saba ilitoka wapi. Akasema asante sana, akamgeukia Mshiriki wa Tano.

Tukanywa soda, tukaenda zetu.

Wiki iliyofuata walitaka kututangazia mkutano wa pili. Mtaani kwetu kila jambo lina grupu yake ya simu: matanga, harusi, chama, maji ya ploti. Wao nao wakaona waige, wakafungua yao. Wakatutia sote humo, namba zetu wazi kwa kila mtu, wakaipa jina, "Vijana Wanaotuma Picha za Uchi, Kariobangi." Naapa hivyo ndivyo walivyoandika, hao watu wa usiri.

Tena kwao simu ni ya mtu mmoja. Kwetu sivyo. Mama ana simu ndogo, kabambe ya kupiga na kupokea tu, kwa hivyo akitoka sokoni jioni huchukua yangu kusikiliza jumbe za sauti za akina mama wa kanisa. Upande wetu wa mji nyumba nyingi huishi hivyo, na wangeuliza tu, wangeambiwa. Nilikuwa nakaanga sukuma wiki nilipomsikia akilisoma jina la grupu hiyo kwa sauti. Halafu akaanza kuisemesha simu kwa ile sauti anayofukuzia askari wa kanjo, wale wa jiji wanaowasumbua wachuuzi.

"Mimi ni mama ya mwenye hii simu. Nyinyi ndio mnatafuta picha za watoto wa watu? Hamna haya? Msichana wangu hana mambo kama hayo. Mkimtafuta tena nitawaletea wamama wote wa soko!"

Akautuma ujumbe huo wa sauti. Grupu nzima ikanyamaza, hata wale wacheshi. Mimi nimeshika mwiko, naomba Mungu mtafiti naye anyamaze. Mtu yeyote wa mtaa angejua kwamba hapo unanyamaza. Lakini bwana mkubwa alikuwa na heshima ya utafiti wake, akaandika kwa Kiswahili safi kabisa:

"Habari Mama. Tafadhali usiwe na wasiwasi. Hatutafuti picha zozote. Tunawahoji tu vijana ambao tayari wamewahi kutuma."

Mama alisoma polepole, kidole kikifuata maneno. Akasoma tena. Sukuma ikaanza kuungua na sikuweza hata kuigeuza. Niliwadharau watu wale kwa moyo wangu wote, na dharau hiyo ninayo hadi leo.

Nadhani yule mwanamume alizinduliwa na mwenzake, kwa sababu mara ujumbe ukafutwa. Kisha akatoka kwenye grupu. Grupu yake mwenyewe! Yule mwanamke naye akatoka nyuma yake, wakatuacha humo na jina walilotupa.

Mama akaiweka simu mezani, kioo chini. Nilingoja matusi. Nilingoja kuambiwa habari za kanisa, na za ukoo mzima kule nyumbani ambao nimeuaibisha.

"Huyo ulimtumia," akasema, "bado ako nazo?"

"Ako nazo, mama."

"Anakaa wapi?"

Asubuhi nzima ukumbini, kati ya maswali yote yale, hilo halikuwamo.

"Baba Dogo," nikasema.

Akazima jiko. Akajifunga leso, akavuta chini ya kitanda viatu vyake vya kanisa, akavivaa.

"Vaa twende," akasema. "Wewe utanionyesha mlango tu."