Maji ya Msiba

Juzi nilirudi Nguvumali kusaini fomu ya mita mpya ya maji nyumbani kwa marehemu bibi, maana ile ya zamani bado ina jina lake. Fundi akanieleza kwamba maji yakikatika nitaletewa ujumbe kwenye simu, na yakirudi vilevile. Nikamwambia sawa. Pale njia panda, bomba la mtaa tulilokuwa tukiteka utotoni limeng'olewa, imebaki sakafu ya saruji tu.

Shoga yangu, bomba lile lilikuwa na sheria zake. Halmashauri ilileta maji, ikamkabidhi jirani yetu mmoja mpini wa koki, basi tukamwita mama wa bomba. Kiangazi maji yalikuwa ya mgao: anafungua alfajiri, jua likipanda anafunga. Ndoo mbili kila nyumba. Huruki foleni hata ungekuwa mke wa diwani. Ila nyumba yenye msiba, ukisema tu "maji ya msiba," watu wanapisha, unajaziwa wa kwanza.

Nilikuwa darasa la saba, siku ya mtihani, na mwalimu wetu alikuwa akifunga mlango kengele ikilia, bila mswalie Mtume. Bibi naye hamwachi mtu atoke kabla mtungi haujajaa. Foleni ya ndoo ilikuwa imefika mpaka kwa muuza maandazi. Nikaona mtihani huo unanipita hivi hivi. Mdomo ukafunguka wenyewe: "Ni maji ya msiba."

"Nani tena?" akauliza mama wa bomba.

Sikuwa nimejiandaa. "Bibi."

Jamani! Walipisha huku wanalia. Mama wa bomba alinijazia ndoo mpaka zikamwagika, akafunga koki, akajitanda kanga, na foleni nzima ikanifuata nyuma. Nilitembea natamani ardhi inimeze.

Bibi alikuwa uani, amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi. Waliomwona wakapiga yowe. Akawatazama, akanitazama mimi, akaelewa.

"Kumbe nimekufa," akasema, "na bado sijaoga."

Wengine wakacheka. Yeye hakucheka. Aliwaomba radhi, kisha akanirudisha bombani na ndoo zangu, nimimine kata moja moja kwenye ndoo za wale niliowaruka. Kengele ya shule niliisikia nikiwa nusu ya foleni. Lakini kilichomuuma bibi si mtihani.

"Siku nikifa kweli," aliniambia, "ukienda kusema, nani atakuamini? Nani atakuja kunizika?"

Nililia mpaka kwikwi. Hofu ile niliibeba miaka na miaka.

Bibi alifariki mwaka jana, asubuhi, mikononi mwangu. Nilifungua koki ya uani, maji yakatoka tele: ya kumwoshea, ya kupikia, ya kunywa wageni. Sikuwa na haja ya kwenda kokote kuomba kupishwa. Walikuja watu wa msikitini, wakaja ndugu kutoka Pangani, tukazika alasiri. Kila niliyemwambia aliniamini. Ila nilikuwa nimewaambia wachache mno, maana njia panda hapakuwa na mtu, na kila nyumba ilikuwa imefunga mlango, ina bomba lake ndani.

Mama wa bomba, ambaye sasa ni mzee wa kutembelea fimbo, alikuja siku ya tatu. Anakaa nyumba ya nne kutoka kwetu. Nilimwamkia shikamoo. Alikaa mkekani, akanishika mkono.

"Sikusikia, mwanangu," akasema. "Nilikuwa ndani nafua."