Pampu Iliyoondoka Bila Kuaga

Nyumbani kwetu Kimuli hakuna anayetoka bila kuaga. Hata ukienda kukata jani la mgomba la kufunikia ndizi jikoni, unasema: naenda hapo nyuma, nakuja. Mama yangu haoni, hesabu ya watu wa nyumba yake anaifanya kwa masikio. Ukitoka kimya umemwibia mtu mmoja.

Sheria hiyo ni ya zamani kuliko upofu wake. Baba alitoka asubuhi moja bila kuaga, akijua anarudi sasa hivi, akarudishwa amebebwa na watu.

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi na misiba. Kompyuta nimeiweka katika chumba kinachopakana na cha Mama. Kwa kuwa video ni mzigo mzito, fundi mmoja wa Kayanga aliifungia mfumo wa kupozwa kwa maji: pampu ndogo inasukuma maji kwenye mipira, yanapita penye joto, yanaenda kupoa kwenye feni, yanarudi. Pampu ya kwanza ilikuwa ya mwendo mmoja. Ukiwasha tu, inakwenda kwa nguvu zake zote, hata kama unaandika kadi ya mwaliko. Ilinguruma kutwa. Wageni waliokuja kumwamkia Mama waliuliza kama tumenunua mashine ya kukoboa kahawa.

Mimi hasira zangu ziko karibu, na ile pampu ilizijua zilipo. Nasikiliza kwaya ya harusi, nayo inaimba besi ambayo mwalimu wa kwaya hakuipa. Ilipoanza kuchoka nikafurahi kabisa, nikamwita fundi.

Akaja na pampu mbili. "Dada, hii ni kama ile ya kwanza. Hii nyingine inafuata joto. Kazi ikiwa nyepesi inatembea, ikiwa nzito inakimbia. Haili umeme bure, haipigi kelele bure, na inadumu."

"Sasa ile ya mwendo mmoja mtu ana sababu gani ya kuinunua?"

"Ile ukiisikia, unajua maji yanazunguka. Hii ikinyamaza, mpaka utazame joto kwenye kioo cha kompyuta ndipo ujue ni nzima."

Nikachukua inayonyamaza. Raha niliyoipata siwezi kuificha. Nilisikia kuku wakiparura nje. Nilisikia waimbaji wakivuta pumzi kabla ya ubeti.

Siku ya tatu au ya nne hivi nilikuwa naandika majina ya ndugu wa marehemu chini ya picha. Kazi nyepesi, pampu ikapunguza mwendo mpaka ikawa kama haipo. Nimeinamia majina, sina habari, nikasikia jirani anaita kutoka kibanjani, kule kwenye migomba: "Waitu! Njooni, mama yuko huku!"

Nilikimbia bila viatu. Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa mtaro, mguu mmoja ndani, kitambaa cha kichwa kimenasa kwenye tawi la mbuni. Fimbo yake ya kutembelea haikuonekana. Alikuwa akiita kwa sauti ndogo, "Mwana wange, mwana wange," na uso wake ameuelekeza barabarani.

"Mama, mimi nilikuwa chumbani!"

"Mbona ulinyamaza?"

"Sikunyamaza, Mama. Ni pampu ya kompyuta imepunguza mwendo."

"Mimi pampu siijui. Mngurumo ule ulikuwa ni wewe."

Miaka yote nilidhani anaivumilia ile kelele kwa kunionea huruma, kumbe ndiyo iliyomlaza mchana akapata usingizi. Nilimfuta tope mguuni, na nililia, na yeye akanibembeleza kana kwamba ni mimi niliyepotea.

Fundi nikamwita tena. Nikamwambia arudishe ya mwendo mmoja, hata iwe mbovu. Alimwamkia Mama, akasikia mkasa wote, akatikisa kichwa.

"Si lazima kuing'oa, dada. Hii naweza kuifunga kwenye mwendo mmoja, isipande wala isishuke. Ila hapo utakuwa umeidhulumu, na umeme itakula."

"Ifunge hivyo hivyo," nikasema.

Basi akaketi kwenye kompyuta yangu, mimi nikasimama mlangoni kati ya vyumba viwili. Mama alikuwa kitandani, shuka mpaka kifuani, sikio ameligeuzia ukuta. Fundi akapandisha mwendo kidogo.

"Vipi, Mama?"

"Bado."

Akapandisha tena. Maji yakaanza kusikika kwenye mipira.

"Bado, mwanangu. Huyo ni mtu mwingine."

Fundi alitaka kucheka, akanitazama, akaacha. Akaongeza tena, taratibu, mpaka ule mngurumo niliouchukia ukaingia ukutani. Nikamwona Mama analegeza mabega, anavuta shuka, anafumba macho yake yasiyoona.

"Hapo," akasema. "Amerudi."