Mikono ya Nyuma ya Papa Mukalay

Kiwanda kimekufa, mishahara imekufa, na Papa Mukalay wa mtaa wa Panda anachagua mikono ya nyuma ya gari lake la Patrol! Ni vile vyuma vinavyoshika ekseli isirukeruke kwenye mashimo ya barabara ya Kakanda. Mwaka mzima alisumbua makanika. Mifupi ingemrusha mama Rosalie, mke wake, hadi darini. Ya kurefushwa kwa boliti ingelegea. Mwishowe alifunga mirefu, minene, kutoka Afrika Kusini, na pasta akaiombea.

Jumapili gari lilipanda kilima kama mbuzi. Kileleni, kwenye kizuizi, askari akapiga makofi, kisha akaomba ufunguo.

“Merci, papa. Tulikuonaka vile unachagua. Miye nilisema: tumungojee kwanza amalize.”